Banda la Ng'ombe na Nyumba ya Mama

Jambo kwenu mlioko Sake, Kitshanga na Mweso, kwenu mliokaa karibu na moto kule Nyabiondo na Masisi-Centre, na kwenu wa upande wa msitu, Walikale-Centre, Mubi, Njingala na Pinga. Kama vita vimekutoa kwenu na sasa unalala kwa jamaa au kwa watu ambao jana hukuwajua, salamu hizi ni zako pia. Jioni hii tunaongea juu ya hadithi. Tutachukua hadithi chache za Marekani, zilizoandikwa na akina mama zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na hadithi moja ya kwetu hapa, ya Walikale, iliyokuwa ikisimuliwa kabla hizo za Marekani hazijaandikwa. Zote zinaongea juu ya mwanamke mwenye haki chache, na zote zinatumia kinaya: watu wanasema hivi, na mambo yenyewe yanaonyesha vile. Msiogope, hii si saa ya shule, na hakuna mtihani mwishoni. Ila nawaomba mshike jambo moja tangu sasa, nami nitalirudia njiani. Kinaya kikali kuliko vyote katika hadithi hizi kinamlenga mume mwema. Mume mbaya kila mtu anamwona. Huyu mwema ndiye anayehitaji msimulizi hodari.

Tuanze na hadithi ya ng'ombe, maana watu wa Masisi wataielewa bila mkalimani. Mwandishi wake anaitwa Mary Wilkins Freeman, mtu wa New England, kaskazini-mashariki ya Marekani, nchi ya baridi na mawe na wakulima wabanifu. Hadithi ilitoka mwaka 1890. Ndani yake kuna mama, Sarah Penn, na bwana yake Adoniram. Walipooana, bwana alimwahidi kwamba kwenye kiwanja fulani cha shamba lao atamjengea nyumba nzuri. Miaka arobaini imepita, na bado wamebanana katika kijumba kidogo, binti yao anakaribia kuolewa, na hakuna hata sebule ya kuwapokea wageni. Siku moja mama anaona watu wanachimba msingi, tena kwenye kiwanja kile kile cha ahadi. Anamuuliza bwana yake, bwana hajibu. Anauliza tena. Kumbe ni banda jipya la ng'ombe. Mama anamketisha bwana yake, anamweleza yote kwa utulivu, chumba kwa chumba, mwaka kwa mwaka. Bwana anasema hana la kusema. Na mama anafanya nini? Anarudi jikoni kumpikia chakula anachokipenda, na anaendelea kumshonea mashati. Basi banda linakwisha. Barua inakuja, bwana anasafiri kwenda kununua farasi. Hapo mama anawaita watoto, anafunga vyombo, na kufikia jioni jamaa yote imehamia bandani. Vyumba vya farasi, vikitundikiwa blanketi mbele, vinakuwa vyumba vya kulala vizuri kuliko kile alicholalia miaka arobaini. Chumba cha hatamu, chenye rafu na bomba la moshi, kinakuwa jiko. Ng'ombe mmoja anaingizwa kwenye kibanda cha ile nyumba ya zamani. Pasta wa kijiji anakuja kumwonya, anarudi bila neno. Siku ya Jumamosi bwana anafika, anamvuta farasi wake mpya, anakuta mkewe anampakulia chakula ndani ya banda. Anakula kimya. Kisha anakaa mlangoni, analia, na anasema kwamba hakujua kumbe mkewe aliitaka nyumba kiasi hicho.

Msikilizaji, hapo ndipo pa kusimama kidogo. Hakujua! Mtu aliyeahidi miaka arobaini iliyopita, tena akaelezwa chumba kwa chumba, anasema hakujua, na hadithi inataka tumwamini. Adoniram hakuwa mlevi. Hakumpiga mkewe, hakumfukuza, hakuleta mke mwingine. Alikuwa mfanyakazi, jamaa yake ilikula na kuvaa. Angekuwa mkatili, tungemlaani na hadithi ingekwisha hapo. Freeman anatuletea mume wa kawaida, mwenye moyo wa kutosha kulia, ili tujiulize: basi ilikuwaje mtu huyu mwema asisikie? Jibu liko katika mpangilio wenyewe. Shamba lilikuwa lake. Neno la mke lilikuwa ombi, na ombi, hata likirudiwa mara elfu, mtu anaweza kuliweka kando akaenda kukamua ng'ombe. Na sisi tunaoijua milima ya Masisi, maferme na malisho yake, tunajua ng'ombe ana nafasi gani. Ng'ombe ni benki, ni mahari, ni maziwa na fromaji inayoshuka Goma, ni heshima ya mtu mbele ya wenzake. Kwa hiyo tusimcheke Adoniram upesi. Mtu wa Masisi angeweza kumtetea vizuri sana: banda ndilo linaloleta fedha, na fedha ndiyo itakayojenga nyumba. Utetezi huo una nguvu. Shida yake ni moja tu, na hadithi inaijua: hesabu hiyo imepigwa na mtu mmoja, kwa miaka arobaini, na siku ya nyumba haikufika.

Hadithi ya pili ni fupi sana, mtu anaweza kuisoma huku maji ya bugali yakichemka. Iliandikwa na Kate Chopin, mwaka 1894. Mama mmoja kijana, Louise Mallard, ana ugonjwa wa moyo. Habari inakuja kwamba bwana yake amekufa katika ajali ya treni. Dada yake na rafiki wa bwana yake wanamwambia polepole, kwa tahadhari, wasije wakamuua kwa mshtuko. Analia sana, kisha anapanda chumbani peke yake, anakaa mbele ya dirisha. Nje ni majira ya majani mapya, kuna ndege, kuna mtu anapita akinadi vitu vyake. Na pale, bila yeye kutaka, linamjia jambo la ajabu: anaona miaka iliyo mbele, na miaka hiyo ni yake. Hakuna mtu atakayempinda aende huku au kule, hata kwa nia njema. Anashuka ngazi kama mtu aliyeshinda vita. Wakati huo huo mlango unafunguliwa, na bwana yake anaingia, mzima, mkoba mkononi. Hata hakuwa karibu na ajali ile. Louise anaanguka, anakufa. Waganga wanafika na kusema amekufa kwa furaha.

Mnaona kinaya? Sisi tuliokaa naye dirishani tunajua kilichomuua. Wale waganga, watu wasomi, wanaandika sababu iliyo kinyume kabisa, tena kwa heshima zote. Lakini tazameni vizuri alivyo yule bwana. Hadithi inasema wazi kwamba alimpenda mkewe, na kwamba mke alijua atalia tena atakapoiona ile mikono yake ya upole imelala katika kifo. Chopin angeweza kumfanya bwana huyo kuwa mkali, wasomaji wote wakamwonea mke huruma kirahisi. Amekataa urahisi huo. Anasema, kwa njia yake, kwamba hata pendo, likimpa mtu mmoja uamuzi wa mwisho juu ya maisha ya mwenzake, linambana huyo mwenzake. Nimeahidi kurudia, basi narudia: mume mwema.

Ya tatu nitaipita haraka, maana inatisha na ni ya usiku mwingine. Charlotte Perkins Gilman, mwaka 1892, aliandika juu ya mama aliyejifungua karibuni na akalemewa na huzuni. Bwana yake ni mganga, tena anampenda. Kwa ajili ya afya yake anamweka katika chumba cha juu chenye vyuma madirishani, anamkataza kazi, anamkataza hata kuandika. Kila akisema haponi, anajibiwa kwa upole kwamba yeye mganga ndiye anayejua. Akili ya mama inapotea mle mle ndani ya uangalizi. Na hapa watu wa Walikale wanisaidie, maana nao wanaujua uangalizi wa namna hiyo. Mnajua machimbo yanakaguliwa, mengine yanapewa rangi ya kijani, kwamba madini yake ni safi na yanaweza kuuzwa nje. Moja ya masharti ni kwamba asionekane mtoto, wala mwanamke mwenye mimba. Ni sharti jema. Nani anataka mama mwenye mimba ya miezi saba abebe mfuko wa mawe kwenye utelezi? Lakini huyo mama akitolewa kwenye chimbo, anatolewa aende wapi, na nani anamlipa siku ambazo hakufanya kazi? Sharti halisemi, na fedha ya sabuni na ya chumvi lazima ipatikane jioni hiyo hiyo. Amelindwa hadi mlangoni, na mlango umefungwa nyuma yake. Gilman angeitambua hali hiyo mara moja.

Sasa twende kwenye sheria, kidogo tu, bila kuwachosha. Katika Marekani ya wakati ule, sheria ya zamani iliyotoka Uingereza ilisema kwamba mwanamke akiolewa, utu wake mbele ya sheria unaingia chini ya bwana yake. Mali aliyokuja nayo, mshahara wake, mkataba wake, vyote vilipita mkononi mwa bwana. Sheria hiyo ilianza kubomolewa jimbo kwa jimbo, New York kwa mfano mwaka 1848, na kura ya wanawake katika nchi nzima ilikuja mwaka 1920. Na sheria hiyo ya zamani haikujieleza kama ukatili. Ilijieleza kama ulinzi: mke amefunikwa na bwana yake. Je, sisi tuko mbali na hapo? Mwaka 1986 nchi yetu, wakati huo Zaire, iliridhia mapatano ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa kila ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Agosti 1987, ikatolewa Sheria ya Familia. Ndani yake, kifungu cha 444 kilisema mume ni kichwa cha nyumba, mume anadaiwa kumlinda mke, na mke anadaiwa kumtii mume. Kifungu cha 448 kilimtaka mke apate ruhusa ya bwana yake kwa kila jambo la kisheria linalomfunga kufanya kazi fulani yeye mwenyewe. Hakuna mwandishi wa hadithi aliyetunga kinaya hicho. Kilipigwa chapa katika gazeti rasmi la serikali: mkono huu unatia sahihi usawa, na mkono ule, mwaka mmoja baadaye, unatia sahihi utii.

Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2016, na tuseme haki, ilirekebishwa kwa jambo kubwa. Ile ruhusa ya bwana imeondolewa. Sasa mume na mke wanatakiwa wakubaliane. Mama wa Kitshanga anayetaka kuweka sahihi ya kazi au ya mkopo asiambiwe tena kwamba sheria inadai karatasi ya bwana yake. Akiambiwa hivyo, aseme: mwaka 2016, hiyo imekwisha. Hata hivyo mume amebaki kichwa cha nyumba katika maandishi. Kwa hiyo wasipokubaliana, mnadhani mezani litapita neno la nani?

Nimesema kuna hadithi ya kwetu. Sasa tumeifikia, na hapa sitaharakisha. Wanyanga wa Walikale wana hadithi ndefu ya Mwindo. Mwaka 1956 msimulizi mmoja, Shé-Kárisi Rureke, aliisimulia na kuiimba mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck, ikaandikwa neno kwa neno. Biebuyck akaitengeneza pamoja na Kahombo Mateene, msomi wa lugha na mwana wa Wanyanga, nayo ikachapwa kuwa kitabu huko California mwaka 1969. Inaanzaje? Mwami Shemwindo wa kijiji cha Tubondo anaoa wake saba. Anawakusanya mbele ya wazee na watu wote, anatoa amri: mzae wasichana tu. Atakayezaliwa wa kiume, nitamuua. Mgeni akisikia hivi anaweza kushangilia: kumbe huko kwenu wasichana walipendwa hivi! Lakini msikilizaji wa Walikale hahitaji kuelezwa. Msichana ataolewa, na mahari itaingia kwa baba. Mvulana atahitaji mahari ya kuolea, na kesho kutwa atakitazama kiti cha baba yake. Amri inawasifu wasichana, na ndani ya sifa hiyo wameshahesabiwa kama mali. Hapo ndipo kinaya cha mzee Rureke kinapokutana na kinaya cha Chopin, ingawa hawakupata kusikiana hata siku moja. Mke wa saba, Nyamwindo, ndiye kipenzi cha mwami. Anamzaa Mwindo, wa kiume. Kuwa kipenzi kunamsaidia nini? Mwami anamtupia mtoto mikuki, anamzika, mwishowe anamfungia ndani ya ngoma na kumtosa majini.

Na nani anamwokoa? Shangazi yake, Iyangura, dada wa mwami. Huyu ameshaolewa na Mukiti, nyoka mkuu wa maji, kwa mahari iliyojadiliwa na wanaume, na huko anakaa chini ya mlinzi. Mwanamke anayelindwa ndiye anayekuwa mlinzi. Anampokea mpwa wake, anamwonya juu ya mitego, anafuatana naye hadi Tubondo. Mwindo anaposhuka kuzimu kumtafuta baba yake aliyekimbia, Iyangura anabaki juu ameshika ncha ya kamba: kamba ikitulia, ajue mtoto amekufa. Kisha siku ya baraza inafika. Vinashuka viti vitatu vya shaba, cha baba, cha mwana na cha shangazi. Na Iyangura anasimama mbele ya wazee wote anamhukumu kaka yake kwa maneno: umekosa, umewagawa watoto, hawa wazuri na hawa wabaya, na hukujua kilichokuwa tumboni mwa mkeo. Hakuna mzee anayemjibu. Mnakumbuka pasta wa New England aliyerudi bila neno? Lakini hadithi haimalizii hapo, na huu ndio uaminifu wake. Baraza linakwisha, utawala unabaki mikononi mwa baba na mwana, na Iyangura, mwenye hukumu iliyo bora kuliko za wote, anarudi kwa bwana yake majini. Aliazimwa sauti kwa siku moja.

Nasikia watu wanaguna. Tuwajibu, maana mguno wenyewe una haki. Wa kwanza anasema: hawa ni mama wazungu, wana nyumba zenye ngazi na madirisha, wanahusiana nini na mama anayetoka Mpofi na kitunga mgongoni, kamba imemkata paji la uso? Swali hili ni zito, na hata haki za mama hao wazungu hazina mikono safi. Kule Marekani, sheria ya jimbo la Mississippi ya mwaka 1839, inayosifiwa kuwa miongoni mwa za kwanza kumpa mke haki ya mali, sehemu yake kubwa ilihusu watumwa: ilimhakikishia mke mzungu umiliki wa binadamu wenzake weusi. Haki ya mmoja iliandikwa juu ya mgongo wa mwingine. Na Chopin aliligusa jeraha hilo mwaka 1893, katika hadithi ya Désirée, msichana aliyeokotwa, asiyejulikana ukoo. Bwana yake anasema jina lake kubwa litamtosha. Mtoto anapozaliwa na rangi isiyotarajiwa, bwana anamfukuza yeye na mtoto, nao wanapotelea kwenye maji na majani marefu. Baadaye bwana anakuta barua ya zamani: damu ya watumwa ilitoka kwa mama yake yeye mwenyewe. Hapa kwetu, ambako swali la asili yako ni wapi limemwaga damu, mama aliyeolewa kabila jingine anajua maana ya kupewa ukoo kwa hisani. Siku ya amani yeye ni wa nyumba. Siku ya ugomvi anaulizwa kwao. Kwa hiyo sisemi kwamba Louise Mallard na mama wa Mpofi wanabeba mzigo sawa. Mzigo wa mama wa Mpofi unaonekana kwa macho, na kwa sababu hiyo tunaweza kumtua, kumpa maji, na kuhisi tumemaliza. Hadithi ya Louise inatuzuia kuhisi tumemaliza, kwa kuwa inatuonyesha mama ambaye hakubeba kitu kizito, na bado siku zake hazikuwa zake.

Wa pili anasema: kwetu mama anaheshimiwa, mama ni nguzo ya nyumba. Kweli, anaitwa hivyo kwenye kila harusi. Ila nguzo haiulizwi nyumba ijengwe wapi. Sitaki kuidharau heshima. Nyumba isiyo na heshima haikaliki. Ninachosema ni kwamba heshima ni kitu anachopewa mama na watu wema, na watu hao wanaweza kufa, kuhama, au kubadilika moyo. Tuchukue mfano wa kila siku. Bwana anakufa, na wakwe walikuwa wema kweli. Baada ya matanga mmoja anauliza, kwa sauti ya chini, lile shamba la kule juu sasa ni la nani. Sheria ya Familia inajibu: watoto ndio warithi wa kwanza, wa kike kwa wa kiume, na fungu lao ni robo tatu ya mali. Mjane anakuja katika kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Mila za sehemu nyingi zinajibu vingine, zinamtazama mtoto wa kiume, na penginepo zinamtazama shemeji, zikimhesabu mjane pamoja na shamba. Basi mama anasimama kati ya majibu mawili, na lipi litafuatwa linategemea nani ni mwema wiki hiyo.

Wa tatu ndiye ananigusa zaidi. Anasema: hapa hata mwanamume hana haki, leo kundi hili limepita, kesho lile, unatuletea hadithi za vyumba na madirisha? Ndugu, umesema kweli kuhusu hali. Mwaka 2010, kuanzia mwisho wa Julai, kwa siku chache tu, katika vijiji vya njia ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi ikiwemo, mamia ya watu walibakwa, na Walikale haijasahau. Mbele ya jambo kama lile kinaya kinanyamaza, na lazima kinyamaze. Lakini tazama kilichofuata katika nyumba nyingi: mama aliyetendewa anarudi, na bwana yake anafikiri kama atampokea. Bwana mwema anampokea. Mwingine, ambaye hadi jana naye alikuwa mwema, anamrudisha kwao. Aliyeshika silaha anashtakiwa katika tribinali, na tunaomba ashtakiwe. Ule uamuzi wa mlangoni, wa apokelewe au asipokelewe, tumeuacha kwa moyo wa mtu mmoja. Vita havikuuleta uamuzi huo nyumbani. Viliukuta.

Kuna mguno wa nne, na huu umetoka kwa mwandishi mwenyewe. Mwaka 1917, miaka ishirini na saba baada ya hadithi ya banda, Mary Wilkins Freeman aliandika katika gazeti moja kubwa la Marekani kwamba hadithi ile haikuwa ya kweli, na kwamba katika New England yote hapajawahi kuwa na mwanamke wa namna ya Sarah Penn. Alijuta kuwa imependwa kuliko kazi zake nyingine. Mtu anaweza kusema: basi tumepoteza jioni, mwenyewe ameikana! Mimi naona kinyume. Kama hakukuwa na mwanamke hata mmoja aliyehamia bandani, ina maana wengi walibaki kwenye kile kijumba kidogo, wakioka na kushona, na hadithi ndiyo mahali pekee palipowapa nafasi ya kuhama. Watu hawakuipenda kwa kuwa ilitokea. Nashuku waliipenda kwa kuwa kila mmoja aliwahi kulipima banda kwa macho na kuona jiko lingekaa wapi.

Basi wiki hii, mkikutana katika kikundi chenu cha likelemba, au mkimenya mihogo pamoja, au nyinyi akina baba mkiwa malishoni, isimulieni hadithi ya Sarah Penn. Isimulieni hadi siku ile ya Jumamosi, vyombo viko bandani, sufuria iko motoni, na bwana anaonekana kwa mbali barabarani anakuja na farasi wake. Hapo nyamazeni, mseme: malizieni nyinyi, akifika atafanya nini? Wasikilizeni vizuri wanaojibu kwamba inategemea bwana ni mtu wa namna gani, mhesabu ni wangapi, na mwulize kila mmoja wao swali la pili: na kama si mwema? Majibu mtakayopata tutayasikiliza pamoja hapa hapa, saa hii hii, wiki ijayo.